Bildi na Bendera: Kazi ya Merikebu ya Upimaji Barracouta katika Mwambao wa Afrika Mashariki, 1822–1826

Katika vitabu vya historia ya Mombasa, merikebu ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Barracouta aghalabu hupewa sentensi moja. Ilitia nanga mbele ya mji tarehe 3 Desemba 1823. Nahodha wake, Alexander Vidal, aliombwa na wenyeji awape bendera ya Uingereza. Akakataa kwa kuwa hakuwa na mamlaka hayo. Baada ya sentensi hiyo masimulizi humgeukia mkuu wake, Kapteni William Fitzwilliam Owen, aliyefika na merikebu kubwa zaidi, Leven, tarehe 7 Februari 1824 na kuuweka mji chini ya himaya ya Uingereza kwa muda wa miaka miwili na miezi kadhaa. Barracouta hubaki nje ya hadithi, kama punda aliyemleta mgeni.

Mtazamo huo unaacha swali kubwa bila jibu. Kwa nini chombo kilichotumwa kupima kina cha bahari kiliishia kuombwa bendera, na mwenzake kuikubali? Jibu la kawaida hutafutwa katika tabia ya Owen: ucha Mungu wake, chuki yake dhidi ya biashara ya watumwa, na wepesi wake wa kuamua mambo ambayo serikali yake haikumtuma kuyaamua. Hayo yote ni kweli, lakini tabia ya mtu mmoja haielezi kwa nini watu wa Mvita walimwendea Vidal kwanza, miezi miwili kabla ya Owen kufika. Insha hii inadai kwamba jibu limo zaidi katika kazi yenyewe. Upimaji wa pwani ulikuwa kazi ya polepole, iliyomlazimisha mpimaji akae karibu mno na nchi kavu, aulize maswali, na aingie mahali ambapo manowari ya kawaida haikuwa na haja ya kuingia. Ukaribu huo ndio uliowaua mabaharia wengi, na ndio uliowafanya Wamazrui waamini kwamba wamepata mshirika.

Chombo na sababu ya safari

Barracouta ilishushwa majini katika karakana ya Woolwich mwaka 1820, mahali na mwaka ule ule iliposhushwa Beagle, ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa kumchukua Charles Darwin. Zote mbili zilikuwa za aina ya Cherokee: urefu wa futi 90 hivi, upana usiozidi futi 25, tani zipatazo 235, mizinga 10, na nafasi ya watu wapatao 75 waliobanana chini ya sitaha. Mabaharia wa Uingereza walizipa merikebu za aina hiyo jina la utani la majeneza, kwa sababu kadhaa kati yake zilizama na watu wake. Kwa vita vya bahari kuu zilikuwa dhaifu. Kwa upimaji wa pwani, hata hivyo, udogo wake ulikuwa sifa. Merikebu inayohitaji maji machache iliweza kusogea kwenye mafungu na miamba ambako Leven, yenye ukubwa wa karibu mara mbili, ilipaswa kukaa mbali. Kwa sababu hiyo vyombo hivyo viwili viligawana kazi, na mara nyingi vilitengana kwa miezi.

Sababu ya safari ilikuwa ya kibiashara na kijeshi kabla ya kuwa ya kielimu. Vita vya Napoleon vilipomalizika mwaka 1815, Uingereza ilibaki na Rasi ya Tumaini Jema upande mmoja na kisiwa cha Morisi upande mwingine, na kati yake njia ya merikebu za India iliyopita kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji. Ramani zilizotumika katika maji hayo zilikuwa za zamani. Kazi ya Mfaransa d'Après de Mannevillette, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1745, ilikuwa bado inategemewa na manahodha wengi, na Wareno walikuwa na maarifa yao ambayo hawakuwa na hamu ya kuyagawa. Mwaka 1811 Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilimtuma Kapteni Thomas Smee hadi Unguja, lakini safari ile ilileta taarifa nyingi kuhusu biashara kuliko vipimo vya bahari.

Owen alichaguliwa kwa kuwa alikuwa mpimaji mzoefu. Alizaliwa mwaka 1774, alikuwa mfungwa wa Wafaransa huko Morisi kuanzia 1808 hadi 1810, na baada ya vita alipima Maziwa Makuu ya Kanada. Leven na Barracouta ziliondoka Uingereza Februari 1822, zikapitia Rio de Janeiro, na katikati ya mwaka zikafika Rasi. Barracouta wakati huo ilikuwa chini ya William Cutfield.

Jinsi pwani ilivyopimwa

Kiswahili kina neno moja kwa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa na kwa tendo la kutafuta kipimo: pima. Mabaharia wa Uingereza nao walihesabu kina kwa urefu huo huo wa mikono, futi sita, na chombo chao kikuu kilikuwa kile kile kilichofahamika kwa kila rubani wa mwambao, yaani bildi. Ilikuwa risasi nzito iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Kitako chake kilikuwa na shimo lililojazwa shahamu, ili ikigusa chini inase mchanga, tope au vipande vya tumbawe. Rubani aliyepanda na bildi yenye tope jeusi mahali alipotazamia mchanga mweupe alijua kwamba amepotea, hata kama usiku ulikuwa wa giza. Kwa hiyo ramani ilihitaji kina na vilevile aina ya sakafu ya bahari.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya haraka: merikebu ilitambaa sambamba na pwani mchana kutwa, maafisa wakipima kwa dira pembe za rasi, vilima na miti mirefu, huku kasi ya chombo ikihesabiwa na bildi ikitupwa kila baada ya muda. Usiku walijitenga na nchi kavu au wakatia nanga, ili kesho yake waanze pale walipoachia. Kwa njia hiyo mamia ya maili yaliweza kuchorwa katika msimu mmoja, lakini kwa makosa ambayo yalirekebishwa tu pale walipopata mahali imara pa kutazama jua na nyota. Latitudo ilipatikana kwa sekstanti bila taabu kubwa. Longitudo ilitegemea kronomita, saa zilizobeba wakati wa mahali pengine, na saa hizo zilipaswa kukaguliwa nchi kavu, kwenye ardhi isiyotikisika, kwa siku kadhaa mfululizo.

Namna ya pili ndiyo iliyogharimu zaidi. Kila bandari, mlango wa mto na hori muhimu ilipimwa kwa mashua. Merikebu ilitia nanga nje. Mashua mbili au tatu zikashushwa, kila moja na wapiga makasia, baharia wa bildi na afisa kijana aliyeshika sekstanti. Mashua ilifuata mstari ulionyooka kutoka upande mmoja wa hori hadi mwingine. Kila mara bildi ilipogusa chini, afisa alipima pembe mbili kati ya alama tatu zilizokwisha kujulikana nchi kavu, na baadaye, kwa chombo cha mikono mitatu, nukta ile ikawekwa mahali pake kwenye karatasi. Halafu mstari mwingine, na mwingine. Kwa sababu maji hujaa na kupwa, na Mombasa wakati wa bamvua tofauti hupita mita tatu, mtu mmoja alibaki ufukoni akisoma nguzo yenye alama, ili vipimo vyote virudishwe kwenye kiwango kimoja cha maji kupwa. Ghuba moja iliweza kuchukua wiki nyingi.

Pepo ndizo zilizopanga kalenda. Wakati wa kusi merikebu ya matanga ilisukumwa kaskazini, ikataka isitake. Wakati wa kaskazi ilirudi kusini. Watu wa pwani walikuwa wameishi kwa mpango huo kwa karne nyingi, na jahazi lililokosa msimu lilingoja. Wapimaji walijaribu mara kwa mara kufanya kazi kinyume cha msimu, kwa kuwa Admiralti ilihesabu muda wao kwa miaka ya bajeti.

Maarifa ya wenyeji yaliingia katika ramani kila siku bila kutajwa. Mpimaji mgeni alipokaribia mlango asioujua alimtafuta rubani, na rubani alijua fungu lilipo, mkondo unavyokwenda, na wapi pana kilindi. Majina yenyewe ya mahali yalikuwa vipimo. Kilindini, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ni mahali penye kina kirefu. Lilikuwa pia jina la mojawapo ya Mataifa Matatu ya mji huo, kwa hiyo habari ya kina cha maji yale ilikuwa imo midomoni mwa watu muda mrefu kabla bildi ya Mwingereza haijashuka pale. Ramani ya Uingereza iliongeza usahihi na ikafanya maarifa hayo yaweze kuuzwa London kwa mtu ambaye hajawahi kuiona Mvita. Si sawa kusema kwamba iliyagundua.

Lugha nayo ilikuwa tatizo la kazi. Huko Rasi Owen alipewa wakalimani, na mmoja wao alikuwa Mxhosa aliyefungwa katika kisiwa cha Robben, Jakot Msimbiti, aliyejulikana pia kwa jina la Hlambamanzi. Baadaye aliingia katika historia ya Wazulu kama mkalimani katika makao ya Shaka. Kwamba safari ya kielimu ya taifa lenye nguvu kuliko yote baharini ilitegemea ulimi wa mfungwa ni jambo la kukumbukwa kila ramani zake zinaposifiwa.

Homa ya Delagoa

Ghuba ya Delagoa, ulipo leo mji wa Maputo, ilifikiwa Septemba 1822. Ilikuwa mahali pa kazi ya mashua kuliko popote: ghuba pana, maji machache, na mito kadhaa iliyomwaga maji yake ndani yake, ukiwamo Tembe na Maputo. Amri ya kazi ilitaka mito ifuatwe hadi mashua zishindwe kwenda. Wapimaji walikaa humo siku nyingi, wakilala ndani ya mashua au katika mahema kando ya maji, kati ya mikoko.

Homa ilianza kwa wachache, kisha ikaenea. Cutfield, nahodha wa Barracouta, alikufa. Maafisa wengine na mabaharia wengi walikufa pamoja naye au muda mfupi baadaye, na Vidal akapewa uongozi wa merikebu. Waganga wa wakati huo waliamini kwamba homa ilitokana na hewa chafu ya mabwawa, na tiba yao ilikuwa kuwatoa wagonjwa damu na kuwapa dawa ya zebaki, jambo ambalo hapana shaka liliharakisha vifo vya baadhi yao. Kwinini ilikuwa imetenganishwa na magome ya mti wake Paris mwaka 1820, lakini ilikuwa bado haijawa dawa ya kawaida katika manowari. Uhusiano wa malaria na mbu ulithibitishwa na Ronald Ross mwaka 1897 tu. Kwa hiyo wapimaji waliona sawasawa kwamba mito huua, bila kujua kinachoua. Waliendelea kuiingia kwa kuwa ramani isiyo na mito isingekubaliwa.

Mwaka uliofuata kosa lile lilirudiwa kwa mpango. Luteni Browne, tabibu msaidizi Kilpatrick, na John Forbes, mtaalamu wa mimea aliyetumwa na Chama cha Bustani cha London, walipelekwa kwa mitumbwi juu ya mto Zambezi kuelekea Sena. Forbes alikufa huko Sena Agosti 1823. Wenzake wawili nao walikufa. Hakuna Mzungu hata mmoja wa kundi lile aliyerudi merikebuni. Inaelezwa kwamba hadi safari yote ilipomalizika, zaidi ya nusu ya watu walioondoka Uingereza mwaka 1822 walikuwa wamefariki. Katika vita vikubwa vya baharini vya enzi ile merikebu chache zilipoteza sehemu kubwa kiasi hicho ya watu wake. Hata hivyo hasara ya upimaji haikuitwa hasara ya vita, na haikuleta nishani.

Delagoa ilileta pia karatasi. Machi 1823 Owen alifanya mkataba na Mayeta, mtawala wa Tembe, aliyeikabidhi nchi yake kwa mfalme wa Uingereza. Wareno walikuwa na ngome ndogo pale na walipinga. Mkataba huo ulikaa katika makabati ya London kwa miongo kadhaa, ukatolewa wakati Uingereza ilipoitaka ghuba, na mwaka 1875 Rais MacMahon wa Ufaransa, aliyefanywa msuluhishi, akaamua kwamba Delagoa ni ya Ureno. Jambo hilo linafaa kuwekwa kando ya yaliyotokea Mombasa, kwa kuwa linaonyesha serikali ikihifadhi karatasi moja ya Owen na kuitupa nyingine.

Mombasa

Mwishoni mwa 1823 Wamazrui walikuwa wamebanwa. Ukoo huo ulikuwa umeitawala Mombasa kwa sehemu kubwa ya karne ya 18, na tangu Mabusaidi walipotwaa madaraka Oman haukukubali kuwa chini yao. Sayyid Said bin Sultan alikuwa ameanza kuvunja ushirika wao mmoja mmoja. Lamu ilimgeukia, ushawishi wa Wamazrui ukadhoofika Pate, na Pemba, iliyoulisha mji, ikawatoka mikononi. Maombi yao ya ulinzi kwa serikali ya Waingereza huko Bombay yalikuwa hayakufua dafu. Serikali hiyo ilikuwa na sababu yake: Septemba 1822 Said alikuwa ametia saini mkataba na Kapteni Fairfax Moresby wa kuzuia watumwa wasiuzwe kwa Wakristo, na London ilimhesabu kuwa rafiki wa lazima katika Ghuba ya Uajemi.

Katika hali hiyo Barracouta ikatia nanga. Inafaa kuitazama kutoka ngomeni, si kutoka sitahani. Merikebu ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa manowari, ilipeperusha bendera ya dola, na ilikuwa na mizinga. Haikuja kununua pembe wala kuuza nguo. Watu wake walitaka kujua kina cha mlango wa bandari, mahali miamba ilipo, na njia ipitikayo. Kwa mji uliotazamia kushambuliwa kutoka baharini, hakuna maswali mazito kuliko hayo. Anayepima mlango wa bandari ama ni adui anayejitayarisha kuingia, ama ni mshirika anayejitayarisha kuulinda. Dhana ya mtu wa tatu, anayepima ili karatasi ipelekwe kwenye ofisi ya ramani na kuchapishwa kwa faida ya manahodha wote, haikuwa na mahali katika siasa za mwambao. Kwa kweli haikuwa safi hata katika siasa za London, kwani ofisi hiyo ilikuwa chini ya Admiralti, na Admiralti haikuchapisha ramani kwa sadaka.

Kwa hiyo ombi la bendera lilikuwa usomaji sahihi wa kile kilichoonekana, ingawa lilikosea kuhusu kilichokusudiwa. Vidal aliifuata amri ya kazi na akaondoka. Wenyeji hawakukata tamaa. Walishona bendera yao wenyewe.

Wakati huo Owen alikuwa Maskati, ambako alionana na Said na hakumficha kwamba akiombwa na Mombasa angeipa ulinzi. Alipofika tarehe 7 Februari 1824 aliikuta bendera ya Uingereza iliyoshonwa mjini ikipepea juu ya Ngome ya Yesu, na merikebu za Said zikiutishia mji. Liwali alikuwa Suleiman bin Ali al-Mazrui. Katika siku mbili makubaliano yakawa tayari: Uingereza ingewarudishia Wamazrui milki zao za zamani, utawala ungebaki katika ukoo wao, wakala wa Uingereza angekaa mjini, mapato ya forodha yangegawanywa nusu kwa nusu, raia wa Uingereza wangeruhusiwa kufanya biashara na bara, na biashara ya watumwa ingekomeshwa Mombasa. Sharti la kwanza ndilo lililokuwa na thamani kwa Wamazrui, na la mwisho ndilo lililokuwa na thamani kwa Owen. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili ambalo mpimaji angeweza kulitekeleza kwa nguvu zake.

Wakala alipaswa kuachwa, na hapa uchache wa watu ulijitokeza waziwazi. Owen alimwacha Luteni John James Reitz, kijana wa ukoo wa Kiholanzi wa Rasi, pamoja na mwanafunzi wa uafisa George Phillips, koplo mmoja na mabaharia watatu. Idadi hiyo inatosha mashua moja ya upimaji, na huenda ndivyo ilivyofikiriwa. Reitz alifanya alichojifunza kufanya: alitoka kwenda kuitazama pwani ya kusini hadi kuelekea Pangani, wakati wa mvua za masika. Akapatwa na homa, akafa Mei 1824. Phillips, ambaye hakuwa hata luteni, akawa mwakilishi wa Uingereza Mombasa hadi Agosti, alipofika Luteni James Barker Emery.

Emery alikaa karibu miaka miwili. Kumbukumbu zake za kila siku zimeandikwa kama daftari la merikebu: upepo, hali ya hewa, vyombo vilivyoingia na kutoka, kisha ugomvi wa siku hiyo. Ugomvi ulikuwa hasa juu ya forodha. Wamazrui waliona nusu ya mapato yao ikichukuliwa huku Pemba ikibaki mikononi mwa Said, na kila merikebu ya Uingereza iliyopita ikiendelea na safari yake. Walikuwa wamelipa bei na bidhaa haijaletwa. Emery kwa upande wake alitakiwa kusimamia makubaliano ambayo wakuu wake hawakuwa wameyathibitisha, na hawakuyathibitisha kamwe. Mwaka 1833 alichapisha katika jarida la Jumuiya ya Kijiografia ya London maelezo mafupi kuhusu Mombasa na mwambao wa jirani. Ni andiko la mtu aliyekuwa na muda mwingi wa kutazama na uwezo mdogo wa kutenda.

Julai 1826 Emery aliondolewa, na himaya ikaisha. Leven na Barracouta zilikuwa zimekwisha kuhamia pwani ya Afrika Magharibi kwa kazi ile ile ya bildi na mashua, na zilirudi Uingereza mwaka huo huo.

Karatasi na watu

Kinachotajwa mara nyingi kuwa matunda ya safari ni ramani zipatazo 300. Kwa upande wa Afrika Mashariki zilikuwa ndizo za kwanza kuonyesha mwambao wote kwa kipimo kinacholingana, na manahodha walizitumia kwa miongo mingi, hadi wapimaji wa wakati wa mvuke walipozirekebisha. Masimulizi ya safari yalitoka mwaka 1833 kwa jina la Owen, na mwaka 1835 yakatoka ya Thomas Boteler, afisa wa safari hiyo, aliyekufa mwaka 1829 akipima pwani ya Afrika Magharibi na hivyo hakukiona kitabu chake.

Ndani ya kitabu cha Owen mna kitu ambacho wapimaji hawakutumwa kukitafuta. Wakiwa Mombasa walipata tarikhi ya mji huo, nao wakaichapisha kwa Kiingereza. Ni mojawapo ya njia ambazo tarikhi hiyo imewafikia wanahistoria wa leo. Ukaribu ule ule ulioleta homa na ahadi zisizotimizwa uliwapa wenyeji nafasi ya kumweleza mgeni kwamba mji wao una historia iliyoandikwa, na kumtaka aibebe pamoja na vipimo vyake. Haiwezekani kujua kama waliikabidhi kwa ukarimu tu au kama hoja ya kisheria juu ya haki yao ya kutawala, lakini tarikhi inayohesabu watawala wa mji, ikitolewa kwa dola inayoombwa ulinzi, ina sura ya ushahidi zaidi kuliko ya zawadi.

Maafisa walipata sifa yao kwa mtindo wa jeshi la majini. Vidal aliendelea kupima, hasa visiwa vya Azori, na jina lake lilipewa merikebu ya upimaji ambayo mwaka 1955 ilitumika kuutwaa mwamba wa Rockall katika Atlantiki. Hiyo Vidal ya pili haikukataa bendera. Owen alihamia kisiwa cha Campobello, Kanada, akafariki mwaka 1857. Merikebu iliyoitwa kwa jina lake ilipima Bahari ya Hindi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ufa mkubwa wa sakafu ya bahari kati ya Arabuni na India unaitwa Owen kwa sababu yake. Mombasa, ngazi zilizo karibu na Bandari ya Kale bado zinaitwa za Leven.

Barracouta ilifanywa chombo cha kubeba barua kuanzia 1829, ikauzwa mwaka 1836. Said alikuwa ameishambulia Mombasa mara kadhaa tangu 1828 bila kuishika kwa kudumu. Mwaka 1837, akisaidiwa na mifarakano ya ndani ya mji, aliingia. Viongozi wa Wamazrui walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Waliosalimika walitawanyika Gazi na Takaungu. Katika ramani za Admiralti, hori linaloendelea magharibi kutoka Kilindini liliendelea kuitwa Port Reitz.